Hana Neno na Mtu

Uliza kwa nini fulani anaitwa mtu mwema, na jibu la kwanza litakuwa fupi: hana neno na mtu. Hagombani na majirani, hasengenyi, haonekani penye fujo, ukimsalimu anaitikia vizuri. Ni sifa nzuri, na aliyejaliwa jirani wa namna hiyo ashukuru. Ila ukizipitia moja moja utaona kwamba nyingi ni hesabu ya mambo asiyoyafanya, na kwa kigezo hicho hata jiwe limo.

Upungufu wa kigezo hiki huonekana siku mambo yanapoharibika. Tuseme mweka hazina wa chama anachota michango ya wenzake, na watu watatu wameliona hilo kwenye daftari. Wawili wananyamaza. Hawakuhongwa, hawapendi tu mambo ya ugomvi. Wa tatu anasimama mkutanoni, karatasi ikimtetemeka mkononi, anasoma tarehe na kiasi kilichotoka. Kikao kikivunjika, wale wawili bado ni watu wema, na huyu mmoja amekwisha kupewa jina: mchonganishi.

Hapo ndipo pa kuanzia, kwenye tofauti kati ya upole na wema. Upole ni hulka, na wengine huzaliwa nao. Wema ni utayari wa kubeba hasara kwa ajili ya mwenzako wakati ambapo kukaa kando kungekuwa rahisi zaidi. Mtu anaweza kuwa mkali, mwenye maneno ya mkato, asiyejua kuchekacheka na watu, na bado akawa ndiye utakayemkimbilia usiku wa manane. Sote tunamjua mmoja wa aina hiyo.

Wanafalsafa wamelizungusha swali hili kwa zaidi ya miaka 2,000, na majibu yao makuu si mengi. Immanuel Kant, Mjerumani, aliandika mwaka 1785 kwamba kitu pekee kilicho chema bila masharti ni nia njema. Alitoa mfano wa muuza duka asiyempunja mteja yeyote, hata mtoto asiyejua bei. Sawa kabisa, lakini kama anafanya hivyo ili asikose wateja kesho, kwa Kant tendo hilo halina kosa, ila halina thamani ya kimaadili. John Stuart Mill, Mwingereza wa karne ya 19, aliona vingine: tendo lipimwe kwa matokeo yake kwa wote wanaoguswa. Aliyemwokoa mtu anayezama ametenda lililo sahihi, hata kama alichokuwa akikiwaza ni malipo. Mabishano ya pande hizi mbili hayajaisha na sidhani kama yataisha, kwa kuwa kila upande umeshika kitu ambacho hatuko tayari kukiachia. Tunataka mwokoaji awe na nia safi, na tunataka mtu atoke majini.

Anayetufaa zaidi katika maisha ya kila siku, kwa maoni yangu, ni Aristotle wa Ugiriki, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo. Swali lake lilihusu zaidi mtu mwenyewe amekuwa mtu wa namna gani kuliko tendo moja moja. Tunakuwa wakarimu kwa kutoa, na jasiri kwa kuthubutu, mara kwa mara, mpaka lililokuwa gumu linageuka tabia. Alisisitiza pia kipimo: ujasiri uko kati ya woga na kujitosa ovyo, ukarimu uko kati ya ubahili na ufujaji. Anayegawa mshahara wote kwa wapita njia huku wanawe wanalala na njaa hajapindukia katika wema, amekosa kipimo. Lakini wazo hili la mazoea lina upande mchungu ambao husahaulika. Kama wema hujengwa kwa kuzoea, woga nao hujengwa hivyo hivyo. Anayenyamaza mara ya kwanza husitasita na kukosa usingizi. Ikifika mara ya kumi haoni tena kama palikuwa na la kusema.

Nadharia ni tamu, na mwaka 1973 watafiti wawili, John Darley na Daniel Batson, walitaka kuona inavyokuwa njiani. Waliwachukua wanafunzi wa seminari ya theolojia ya Princeton, Marekani, wengi wao wakijiandaa kuwa wachungaji, wakawaambia waende jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi yao walipewa mada ya Msamaria Mwema, yule msafiri aliyemhudumia mtu aliyeachwa nusu mfu barabarani baada ya watu wa dini kumpita. Kwenye kichochoro cha kuelekea huko palikuwa na mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kuguna. Miongoni mwa walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Miongoni mwa walioambiwa wamechelewa, waliofanya hivyo ni asilimia 10. Mada ya hotuba haikuleta tofauti ya maana. Wapo waliomruka yule mtu kabisa, wakiwahi kwenda kumsifu Msamaria.

Kuna wanaosoma matokeo haya na kutangaza kwamba tabia njema ni hadithi, kwamba mazingira ndiyo yanayotuendesha. Naona wameruka hatua. Miongoni mwa wenye haraka bado mmoja kati ya kumi alisimama, na miongoni mwa wenye muda zaidi ya theluthi walipita kimya kimya. Tabia ipo. Kinachoonekana ni kwamba hali ndogo kabisa, kama dakika chache za kuchelewa, inatosha kuufunika wema ambao mwenyewe anaamini anao. Wingi wa watu nao hufunika. Mwaka 1968 Darley na mwenzake Bibb Latané waliwaketisha vijana katika vyumba tofauti wakizungumza kwa vipaza sauti, kisha mmoja akasikika ameshikwa na kifafa. Waliodhani wako peke yao na mgonjwa, asilimia 85 walitoka kuomba msaada kabla sauti haijakatika. Waliodhani wapo wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Kila mmoja alimwachia mwenzake.

Jaribio linalotajwa kuliko yote ni lile la Stanley Milgram katika Chuo Kikuu cha Yale, lililoanza mwaka 1961. Mshiriki aliagizwa kumpiga mtu mwingine shoti za umeme kila alipokosea jibu, akipandisha hatua kwa hatua hadi volti 450. Umeme haukuwepo na vilio vilikuwa vya kuigiza, ila mshiriki hakulijua hilo. Katika toleo lililojulikana zaidi, 26 kati ya watu 40 walifika mwisho. Takwimu hiyo imezunguka dunia kama ushahidi kwamba binadamu ni mwovu. Bahati mbaya, toleo jingine la jaribio hilohilo halikuzunguka nayo. Humo mshiriki aliketi na wenzake wawili, ambao kwa siri walikuwa upande wa mtafiti. Wa kwanza alifika mahali akakataa kuendelea. Baadaye wa pili naye akakataa. Waliofika volti 450 walikuwa wanne kati ya 40. Watu walikuwa wa aina ileile, mtafiti aliyevaa koti la maabara alikuwepo vilevile, maagizo yaleyale. Kilichoongezeka ni watu wawili waliosema hapana mbele ya macho ya mwenzao.

Nadhani hapa ndipo wema wa mtu mmoja unapoanza kuwa jambo la jamii. Tumezoea kuhesabu wema kwa aliyesaidiwa: kapata chakula, kapata karo, kaokolewa. Lakini kila tendo jema lina mtazamaji, na mtazamaji huyo hujifunza kwamba jambo hili linawezekana na aliyelifanya bado anapumua.

Lisichukuliwe kwamba gharama huwa ndogo. Tarehe 16 Machi 1968, katika kijiji cha My Lai, Vietnam, wanajeshi wa Marekani waliwaua mamia ya raia wasio na silaha. Rubani wa helikopta Hugh Thompson, mwenye umri wa miaka 24, alikuwa akizunguka juu na wenzake wawili, Lawrence Colburn na Glenn Andreotta. Mwanzoni hawakuelewa wanachokiona. Majeruhi waliowawekea alama ya moshi ili wapewe huduma, walipowarudia waliwakuta wamemalizwa. Kisha wakaona wazee, wanawake na watoto wamejibanza kwenye handaki, na askari wa upande wao wenyewe wanasogea. Thompson alitua katikati. Aliwaambia wenzake kwamba askari wale wakiwafyatulia raia risasi, wao nao wawafyatulie askari. Alishuka, akaenda mwenyewe kuwatoa watu handakini, na kwa kuwa helikopta yake ilikuwa ndogo, aliita nyingine kwa redio kuwabeba. Baadaye walipoona kitu kinatikisika kwenye mtaro uliojaa maiti, Andreotta aliingia humo na kutoka na mtoto aliye hai.

Aliporudi kambini Thompson alitoa taarifa, na amri ya kusitisha mauaji ikatolewa. Habari zilipowafikia wananchi wa Marekani, wengi hawakumwita shujaa. Alipokea vitisho vya kuuawa, na mizoga ya wanyama ilitupwa barazani kwake. Mbunge mmoja alisema kama kuna wa kuadhibiwa katika mkasa ule, basi ni Thompson peke yake. Nishani aliyostahili yeye na wenzake kwa kazi ile waliipata mwaka 1998, ikiwa imepita miaka 30, na Andreotta hakuwepo kuipokea kwa kuwa alifia vitani wiki chache baada ya My Lai.

Watu kama hawa hutokea wapi? Samuel na Pearl Oliner walilichunguza swali hilo kwa kuwahoji mamia ya watu waliowaficha Wayahudi wakati wa utawala wa Hitler, na kuwalinganisha na wengine walioishi mahali palepale bila kufanya hivyo. Samuel alikuwa na sababu yake: alipokuwa mtoto huko Poland, familia yake iliuawa na yeye akanusurika kwa msaada wa mwanamke wa kijijini. Walichokikuta, na kukichapisha mwaka 1988, hakina mbwembwe. Waokoaji hawakuwa wasomi zaidi wala matajiri zaidi. Wengi walisimulia utoto ambao wazazi walieleza kosa na madhara yake kwa mwenzako kabla ya kufikia fimbo, na nyumba ambazo mtu wa kabila au dini nyingine alihesabiwa mtu kamili. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo. Lakini kuna jambo jingine ambalo kwangu lina uzito uleule: wengi walianza kwa sababu kuna mtu aliyewaomba. Mlango uligongwa. Wapo wengi wanaopita maisha yao wakidhaniwa hawana wema wowote, kumbe hawajawahi kugongewa.

Tukitoka kwa mashujaa na kurudi kwa watu wa kawaida, hali inatia moyo kuliko tunavyodhani. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika miji 355 ya nchi 40. Watafiti walipeleka pochi zaidi ya 17,000 kwenye mapokezi ya benki, hoteli, ofisi za posta na mahali pengine pa umma, wakidai wameziokota nje. Ndani palikuwa na kadi zenye jina na barua pepe ya mwenyewe, ufunguo, orodha ya manunuzi, na katika baadhi yake fedha. Watu wa kawaida walioulizwa kubashiri walisema pochi zenye fedha zingepotea zaidi, na hata wachumi hawakubashiri kilichotokea. Ikawa kinyume. Zisizo na fedha, asilimia 40 ya mapokezi ndiyo yaliyomtafuta mwenyewe. Zenye fedha, asilimia 51. Fedha zilipoongezwa katika nchi tatu, waliomtafuta mwenye pochi waliongezeka zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba kumjali mwenye mali kulichangia, na zaidi ya hapo mtu hapendi kujiona mwizi; kadiri kilichomo kilivyo kikubwa, ndivyo kukaa kimya kunavyofanana na wizi. Tofauti kati ya nchi na nchi hata hivyo ilikuwa kubwa mno. Kwingine zaidi ya asilimia 70 ya pochi zilitafutiwa wenyewe, kwingine hata robo haikufika. Sidhani kuna anayeamini kwamba watoto huzaliwa waaminifu upande mmoja wa mpaka na wezi upande wa pili.

Tofauti hiyo hujengwaje? Wachumi Ernst Fehr na Simon Gächter walitumia mchezo ambao ukiuelewa umeelewa nusu ya siasa. Watu wanne kila mmoja anapewa fungu lake. Anaweza kubaki nalo au kulitia kwenye mfuko wa pamoja, na kilichomo mfukoni huongezwa kisha hugawanywa sawa kwa wote wanne, hata kwa asiyetoa. Wote wakitoa, wote wanapata zaidi. Lakini mjanja asiyetoa anapata zaidi ya wote. Raundi za kwanza watu hutoa kiasi kizuri. Wakishamwona mjanja anachuma kwa jasho lao, wanapunguza, na kadiri raundi zinavyokwenda mfuko unakauka. Wengi hawakuwa wachoyo tangu mwanzo. Wamechoka kuwa wajinga. Kisha watafiti waliongeza kanuni moja: unaweza kutoa sehemu ya fedha zako ili mwenzako akatwe zake. Watu walikubali kuingia hasara kumwadabisha mjanja, hata pale ambapo hawangekutana naye tena, na michango ikapanda.

Kwa hiyo wema usio na ulinzi hufa polepole. Ulinzi huo unaweza kuwa sheria. Mjini New York, kati ya mwaka 1997 na 2002, magari ya wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa yalirundika tiketi za maegesho zaidi ya 150,000 zisizolipwa, kwa kuwa kinga ya kidiplomasia iliwalinda. Watafiti Raymond Fisman na Edward Miguel walipozichambua waliona wanaotoka nchi zenye rushwa nyingi ndio waliokuwa na mirundo mikubwa, na wapo waliotoka nchi nyingine ambao hawakuwa na hata moja ingawa hakuna ambaye angewafanya chochote. Mazoea ya kwao walikuja nayo. Mwishoni mwa 2002 mji ulipopata uwezo wa kuyanyang'anya magari hayo namba za kidiplomasia, makosa yalishuka kwa takriban asilimia 98. Waliolelewa kwenye mazoea mabaya nao walijifunza kuegesha gari.

Ila sheria ikiingia mahali pasipo pake huharibu. Katika mji wa Haifa, Israel, vituo kadhaa vya kulelea watoto vilianza kuwatoza faini wazazi wanaochelewa kuwachukua wanao. Waliochelewa waliongezeka, karibu maradufu. Kabla ya hapo mzazi aliona aibu kumweka mwalimu akisubiri. Baada ya hapo alikuwa amelipia. Faini ilipofutwa, aibu haikurudi. Ninalitaja hili kwa sababu kila jamii inapoona maadili yameporomoka, pendekezo la kwanza huwa faini na adhabu, na mara nyingine kilichokuwa kikifanya kazi ni uso wa mwalimu aliyesubiri.

Kikwazo kingine hakizungumzwi vya kutosha, pengine kwa kuwa kinatugusa. Wema mwingi tunaousifu huishia kwa wa kwetu. Afisa anayeajiri ndugu zake, anayelipia misiba yote ya ukoo, anayepitisha zabuni ya shemeji, nyumbani ni mtu mwema kweli, na wanaomsifu hawasemi uongo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Anayelipa ni kijana asiyejulikana, mwenye vyeti vizuri, aliyeachwa nje ya orodha, na huyo hayupo kwenye sherehe ya kumpongeza afisa. Wema wa namna hii ni wa kweli lakini una ukuta, na jamii yenye kuta nyingi huwa na watu wengi wema na ofisi nyingi mbovu kwa wakati mmoja. Sioni kinzano hapo. Waokoaji wa akina Oliner walijitofautisha hasa kwa hili: waliwahesabu wageni kuwa ndani ya ukuta.

Mwaka 2008 Gächter, pamoja na Benedikt Herrmann na Christian Thöni, walichapisha matokeo ya mchezo ule wa mfuko katika miji 16 duniani. Walitarajia adhabu ingewaangukia wajanja kila mahali. Katika baadhi ya miji haikuwa hivyo: watu walitoa fedha zao wenyewe ili kumwadhibu aliyechangia kuliko wao. Anajifanya. Ana kimbelembele. Anatuonyesha sisi wabaya. Au walimwadhibu wakidhani ndiye aliyewakata raundi iliyotangulia. Adhabu hizo zilikuwa nyingi zaidi katika nchi ambazo sheria haiaminiki na ambako kukwepa kodi au nauli hakuonekani kosa kubwa. Na huko, kanuni ileile iliyopandisha michango mahali pengine haikupandisha kitu. Michango ilibaki karibu pale ilipoanzia, kwa sababu aliyejaribu kuongeza alikatwa, na raundi iliyofuata akatoa sawa na wenzake.